Kisanduku Hakihami, Nihame Mimi

Jumatatu, 9 Juni

Haya simu, andika. Mjukuu kaniwekea humu, mimi nasema tu, yenyewe inaandika, na hakuna wa kusoma. Bora hivyo. Maana leo nimechukia!

Mwanangu na mkewe wamemleta fundi wa vidude vya nyumba. Taa zijiwashe zenyewe, mlango ujifunge wenyewe, na mimi nivishwe kitufe shingoni kama mbuzi mwenye kengele. Nikianguka nabonyeza, king'ora kinalia. Kitufe sikikatai. Mwezi wa nne niliteleza bafuni, wote wako kazini, nikakaa sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba pasi. Maji yamekauka mwilini! Kwa hiyo kitufe nakitaka.

Sasa kitufe hakina akili, akili iko kwenye kisanduku. Ndicho kinachosikia kitufe, taa, mlango, vyote. Fundi kaweka viwili mezani. Kimoja cheupe, chembamba, intaneti ikikatika nacho kinakuwa bubu. Kingine cheusi, kina antena mbili, chenyewe kinaendelea kusikia vitu vya ndani hata intaneti isipokuwepo. Mkwe kasema cheupe ndicho kizuri.

Nikamwambia, kizuri cha nini mwanangu, kwani tunaposa?

Fundi kacheka mpaka kakaa. Kachukua cheusi. Hapo nilishinda. Mara ya kwanza na ya mwisho!

Maana wamekwenda kukificha nyuma ya televisheni. Eti waya zisionekane. Fundi kaja huku nyuma bafuni, karibu na chumba changu, kabonyeza. Kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Eti, "Ukuta wenu mnene, bibi."

Mnene! Ukuta ule nimeujenga kwa mikono hii. Hapo ndipo lilipokuwa tanuri letu la mikate. Miaka ishirini na sita nimeoka hapo, nyusi ziliungua mara mbili, ya pili hazikurudi vizuri. Tulipofunga kazi, marehemu hakutaka kubeba vyuma kuvitupa. Milango ya tanuri, mabati, trei, vyote tumevijengea humo humo. Nimewaambia: hapo hakipiti kitu, humo mna chuma tupu. Kitoeni kisanduku nyuma ya televisheni, kiwekeni juu ya rafu ya korido, katikati ya nyumba, kione mbele na nyuma.

Mwanangu hata hakugeuka. "Mama, fundi ndiye anayejua." Fundi mwenyewe kamtazama mkwe. Mkwe kasema korido ndiyo wageni wanapita.

Basi wakapata dawa. Mama ahamie chumba cha mbele, karibu na kisanduku na bafu la wageni! Kile cha kupigia pasi! Miaka arobaini na moja nalala chumba changu, kitanda nakijua hata nikifumba macho. Kisanduku hakifiki uzito wa sufuria ya chai, hakihami. Mimi ndio nihame!

Sijala leo. Nimekula kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Fundi karudi. Kisanduku hakijaguswa! Kaleta kidude cheupe kama plagi isiyo na waya, kakichomeka kwenye soketi ya korido. Nikiwa jikoni namsikia anamweleza mkwe mambo ya kupokezana, kupokezana. Nani anapokezana na nani, sijui. Nimemuuliza mwanangu, kidude hiki cha nini? "Usijali mama, kiache tu." Kiache tu! Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Ila nitasema ukweli kwa kuwa niko peke yangu. Fundi kabonyeza kitufe bafuni, na king'ora kikalia sebuleni! Nimefurahi. Sikuonyesha.

Mwanangu katoa hukumu: Jumamosi tunajaribu mara kumi wote tukiwepo. Kikishindwa hata mara moja, godoro linakwenda mbele. "Ni kwa usalama wako, mama." Sauti ile ile ya baba yake akishakosea.

Alhamisi, 12 Juni

Simu, ulizimika katikati ya maneno! Soketi ya chumbani kwangu imekufa siku nyingi. Ya korido ndiyo yangu ya kukuchajia, wote wanajua. Nimechomoa kile kidude, nimekitia mfukoni mwa gauni kisipotee. Nao walivyo wepesi wa kununua na wazito wa kutunza!

Ijumaa, 13 Juni

Nasema polepole. Niko bafuni, sakafuni.

Sikuanguka! Nilikaa mwenyewe, kwa makusudi, nijizoeze ya kesho. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza mara tatu. Kimya. Mkwe yupo sebuleni, leo hakwenda kazini, namsikia anacheka na televisheni. Nimemwita. Ukuta umemeza.

Si nilisema! Nilisema au sikusema? Kiko nyuma ya televisheni, kitasikia nini? Wangeniuliza mimi niliyepanga matofali! Fundi anayejua!

Ila kuinuka ndiyo kazi. Goti limegoma. Na hapa pajani kuna kitu kinanichoma, kwenye mfuko, tangu nilipo—

Ala.

Kile kidude.

Kupokezana. Kumbe ndicho kinachopokea huku na kupeleka kule. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia! "Kiache tu!" Ningeambiwa neno moja, moja tu!

Sasa wewe simu uko mkononi mwangu. Naweza kumpigia mkwe. Atakuja mbio, ataniinua, ni mtoto mwema. Na jioni atamwambia mumewe kitufe kilishindwa. Godoro litakwenda mbele.

Sipigi. Nakirudisha kidude mwenyewe.

Kutoka hapa mpaka soketi ni hatua nne. Kwa makalio sijui ngapi. Nimeshavuka kizingiti. Gauni limelowa. Nasogea. Rafu naiona, ile pale juu, tupu kabisa, nafasi ya visanduku vitatu!

Mkwe kaizima televisheni.

"Mama? Uko wapi?"

Nipo, mwanangu, nafagia! — Bado kidogo. Nimeifikia. Chaja yako bado imo, simu, toka, toka wewe, mkono mmoja hautoshi, ngoja nikuweke chini—