Sare za Bluu za Kwaya ya Nyasho

Jumatatu, 7 Februari 1994

Zamu ya asubuhi, kiwanda cha nguo. Boila limewaka saa tatu badala ya saa kumi na mbili. Tumekaa tu. Mashine za kutia rangi ziko nane, zinazofanya kazi mbili. Zile sita tunazifuta vumbi kila Jumatatu kama makaburi ya ndugu. Mzee Wambura, msimamizi wetu wa idara ya rangi, hataki kuona buibui.

Jioni nyumbani, Mafuru kaanza tena kwenye chai. Kapata kazi Mwanza, kiwanda cha minofu ya sangara. Anaanza mwezi wa tatu, anataka tuhame wote. Watoto wako bweni, nyumba ni ya kupanga, hapa kinatuweka nini? Nikamwambia: Musoma. Kacheka. Mume wangu wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Makoko hapahapa mjini, anacheka akisikia jina la kwao. Nimeondoka nikaacha kikombe nusu.

Jumatano, 9 Februari

Kikao cha kwaya ya kanisa letu, hapa Nyasho. Nimechoka na watu.

Tumealikwa tamasha la kwaya Bunda, pale Nyasura, tarehe 19 mwezi ujao. Tunahitaji sare mpya. Mwenyekiti wetu, Mama Magesa, kaja na kipande cha tetroni cha kutoka Sirari, mpakani. Kinang'aa kama karatasi ya sabuni. Watu wanakishika utafikiri hawajawahi kuona kitambaa. Watu wa Nyasho hawa! Nusu yao wamelelewa na mishahara ya kiwanda cha nguo.

Nikasimama. Nikauliza kwa nini tusivae nguo ya kwetu. Mama Magesa hakuniangalia hata usoni. "Tabitha, nguo ya hapa inachuja. Ilikuwaga nzuri, siku hizi inachuja."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokimbia. Nikasema rangi nitatia mimi, kwa mikono yangu, na ikichuja mnivue uanakwaya. Wazee wa besi wakapiga makofi. Ikapita.

Sijui kwa nini nilisema habari ya kunivua. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 14 Februari

Meneja kakubali kutuuzia jora moja la marekani, pamba tupu, jeupe lisilotiwa rangi. Rangi tutapewa. Bluu, ndiyo iliyobaki. Mzee Wambura kafurahi. Kasema tangu mwaka jana hajatia rangi kitu ambacho anajua kitavaliwa na nani.

Ijumaa, 18 Februari

Sokoni Nyasho mitumba imefika hadi kwenye ngazi za maduka. Shati la Ulaya bei ya chungwa. Nimemkuta fundi mitambo wa zamu yetu anachagua suruali. Aliponiona akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Simlaumu. Uongo. Namlaumu.

Nilikuja mji huu kutoka Kibara nikiwa na miaka ishirini na sanduku la bati. Kiwanda kilipofunguliwa, king'ora kikilia barabara ilijaa watu. Wajita, Wakurya, Wakwaya wenyeji wa hapa, Waluo, wote wanakwenda upande mmoja, mikate kwapani. Pamba ililimwa Bunda, ikachambuliwa Bunda, ikaja hapa, ikatoka kanga. Niliwahi kumwona bi harusi ukweni kwetu amejifunga kanga niliyoitia rangi mimi. Nilikaa nyuma nikalia kama mjinga. Mambo haya nikimweleza Mafuru ananisikiliza halafu anauliza, sasa leo?

Leo, leo. Kila mtu na leo yake.

Jumatatu, 28 Februari

Tangazo ubaoni. Kiwanda kinasimama Ijumaa hii. "Kwa muda." Watu wamesoma, wakasoma tena, wakaenda kwenye mashine. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa mtu apige kelele.

Mafuru kasema pole. Kasema vizuri kabisa, bila dhihaka, na hilo limenikera kuliko angecheka. Halafu akauliza kama magodoro tuyapeleke Mwanza au tuyauze.

Alhamisi, 3 Machi

Leo tumetia rangi jora la kwaya.

Nitaandika kila kitu. Rangi hii inahitaji maji ya moto saa nzima ndipo ishike kwenye uzi, halafu kuoshwa mara tatu. Tulianza vizuri. Kitambaa kilikuwa kinapita kwenye mashine, bluu kama ziwa la saa nne asubuhi, mpaka wasichana wa idara ya kukunja wakaja kutazama. Baada ya dakika ishirini mvuke ukashuka. Mafuta ya boila yamekwisha. Yamekwisha kabisa, ndiyo mwisho, hakuna mengine yanayokuja.

Mzee Wambura akaminya pembe ya kitambaa akatazama vidole vyake. "Tabitha, hii haijakaa. Waambie."

Nikasema imekaa. Nikasema tutaosha kidogo, ikauke, itakuwa sawa. Akasema tena, taratibu, "Mwanangu, haijakaa." Nikamwambia mimi ndiye nimeahidi, si yeye. Miaka kumi na minne nimefanya kazi chini ya mzee yule na sijawahi kumjibu hivyo.

Najua haijakaa. Nimeijua palepale.

Ijumaa, 4 Machi

Mwisho. Tumefuta mashine zote nane.

Jumapili, 6 Machi

Mafuru kaondoka na basi la asubuhi. Begi moja, redio, na blanketi langu zuri. Kasema atanisubiri mpaka Pasaka. Nikamwambia asisubiri kitu. Kisha nikambebea redio mpaka stendi. Sielewi mambo yangu mwenyewe.

Jumatano, 9 Machi

Fundi kashamaliza kukata na kushona. Wanawake magauni, wanaume mashati, kola nyeupe. Tumejaribishia kanisani. Watu wamegeuka geuka, wanashikana mabega, wanacheka. Mama Magesa kasimama mbele ya wote akasema, "Nilikosea. Tabitha ametuheshimisha." Kisha akanikumbatia. Mwanamke ambaye hajawahi kukubali kosa tangu nimjue!

Ningesema palepale. Mdomo unaokimbiaga wenyewe, leo umekaa kimya kama jiwe.

Jumamosi, 12 Machi

Nimeloweka kipande kilichobaki kwenye ndoo. Nimehesabu mpaka kumi, maji bluu. Nimejaribu chumvi. Bluu. Magadi. Bluu. Nimejaribu ndimu, kwa sababu jirani alisema ndimu. Bluu, na mikono inawasha.

Wiki moja imebaki. Naweza kwenda kwa Mama Magesa kesho baada ya ibada. Tunaweza hata kuvaa nguo za zamani. Hakuna atakayekufa.

Jumapili, 13 Machi

Sikwenda. Mvua haijanyesha siku tisa. Labda haitanyesha.

Hivi ndivyo nilivyofikia. Namwomba Mungu azuie mvua ya wakulima kwa ajili ya gauni langu.

Jumamosi, 19 Machi

Imenyesha.

Tulitoka Nyasho saa moja kwenye lori la wazi, watu ishirini na wawili, tunaimba. Jua zuri. Makutano tukaongeza sauti ili wanaokwenda Butiama watusikie. Kiabakari wingu. Tulipokaribia Bunda ikashuka, nzito, ya kuumiza, na turubai tuliyojifunika ina matundu. Mimi nilikuwa natazama kola ya mama aliyeketi mbele yangu. Nyeupe. Kisha mstari mdogo wa bluu. Kisha bluu yote. Ikashuka shingoni, mikononi, kwenye soksi. Mtu mmoja akasema, "Jamani, nini hiki?" Halafu kila mtu akajitazama.

Nyasura tumeshuka mbele ya kwaya nyingine tano. Kuna waliotoka Mwanza, tetroni tupu, wamekauka kwa sababu lori lao lilikuwa na bati. Watoto wakakimbia kuja kutushika ili waone kama na wao watakuwa bluu. Wakawa bluu. Mzee mmoja wa kwaya ya Mwanza akasema kwa sauti ya huruma, "Musoma bwana. Hata rangi wameshindwa."

Mama Magesa akapandisha sauti. Mbele ya watu wote, maji yanamtiririka. "Si niliwaambia? Kiwanda kimekufa muda mrefu, wale walikuwa wanapoteza mali tu! Wametuuzia takataka! Na kife, na kizikwe!"

Nilikuwa nimejipanga kunyamaza. Nasema ukweli, nilikuwa nimeshaamua. Hakuna aliyejua isipokuwa Mzee Wambura, na yeye haimbi. Lakini alipotaja kuzikwa, nikawaona tena akilini wale wasichana wa idara ya kukunja, wamesimama wanatazama rangi.

Nikasema, "Si kiwanda. Ni mimi."

Wakanigeukia. Nikaeleza. Mvuke, dakika ishirini, Mzee Wambura alivyonikataza, ndoo, yote. Nikasema nimejua tangu siku ya kwanza na nimewaacha mvae.

Yule mzee wa Mwanza akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama Magesa akanisogelea. Mashavu yake yalikuwa na michirizi ya bluu, na mtu mwingine angecheka. Akasema, "Uliniacha nikusifu kanisani."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya mchungaji."

"Ndiyo."

"Nenda kasimame kwenye sauti yako. Tunaitwa."

Tukaimba hivyo hivyo, tunadondoka. Majaji wakatuweka wa nne kati ya kwaya sita. Kurudi Musoma hakuna aliyekaa karibu nami isipokuwa gurudumu la akiba.

Jumatatu, 21 Machi

Shingo yangu bado bluu. Nimesugua na jiwe. Sokoni nimesikia watu wananong'ona. Mmoja hakunong'ona.

Nimefikiria basi la Mwanza. Nimeshatoa sanduku chini ya kitanda. Kisha nikaona ningekuwa nimehama kwa kukimbia gauni, na hasira zikanipanda upya, nikalirudisha kwa teke.

Nimekwenda kwa Mzee Wambura kuomba radhi. Alikuwa anapalilia mihogo. Akaniambia nichukue jembe la pili. Tumelima mpaka mchana. Sijui kama hiyo ni kusamehewa au alitaka tu kibarua wa bure.

Jumatano, 23 Machi

Mama Magesa kaja, mtu wa mwisho niliyemtarajia. Kaja na magunia mawili. Sare zote ndani. Hakuketi. "Jumapili ijayo ni Matawi na ile inayofuata ni Pasaka. Hatuna nguo nyingine. Ulituambia inahitaji saa nzima ya maji ya moto. Haya, maji yapo ziwani, kuni zipo. Saa unayo?"

Nikasema ninayo.

"Basi."

Kutukanwa ningeweza kuvumilia. Hii imenilaza chini.

Jumamosi, 26 Machi

Tumefanyia ufukweni Makoko, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mapipa mawili ya mafuta yaliyokatwa. Mzee Wambura kaja na soda ya kushikisha rangi na kijiti chake cha kukorogea, kaketi kwenye jiwe kama yuko zamu. Mimi, Mama Magesa na wanawake wanne wa sauti ya kwanza. Pakiti za rangi nimenunua sokoni.

Moshi, macho yanauma, upepo wa ziwa unageuka kila mara kuja kwa aliyechoka zaidi. Mama Magesa kila dakika kumi anauliza bado? Bado. Bado? Bado, mama! Dakika ya hamsini akataka kutoa. Nikamshika mkono. Nikamwambia hapana, saa ni saa. Nikasikia Mzee Wambura anakohoa kule kwenye jiwe, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Tukaosha mara tatu. Mara ya tatu maji yakatoka meupe. Niliyachota kwa viganja nikayatazama. Meupe kabisa.

Bluu imekuwa nzito kidogo, na kola nazo sasa ni bluu, hazirudi tena. Mama Magesa kasema kola nyeupe zilikuwa za kujivuna. Yeye ndiye aliyezichagua.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Tumevaa. Mvua imenyesha tukitoka ibadani. Watu ishirini na wawili wamesimama mlangoni, wanatazamana. Kisha mmoja wa besi akatoka nje, akasimama kwenye mvua, mikono imenyooshwa kama anapimwa shati. Tukangoja. Akasugua kifua kwa kiganja, akakiinua tukione.

Safi.

Mafuru yupo tangu Ijumaa. Alikuwa amesimama nyuma. Kasema tuliimba vizuri. Habari ya bluu anaijua, imefika mpaka Mwanza, watu hawana kazi. Hakuitaja. Nilimtajia mimi.

Jumatatu, 4 Aprili

Tumezungumza. Nimemwambia siendi. Si kwa hasira safari hii. Nimemwambia mji huu si kiwanda peke yake, na kama ni kiwanda peke yake, basi mtu abaki afute vumbi. Akasema hiyo si sababu. Nikasema najua.

Atakuja kila mwisho wa mwezi. Amelia kidogo. Sikujua angelia.

Jumanne, 5 Aprili

Nimemsindikiza stendi. Asubuhi ya baridi, ziwa limetulia. Basi lilichelewa, si vibaya.

Kurudi nimepita sokoni nikanunua sato wawili, kwa mazoea. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka niko peke yangu. Nikawapika wote, mmoja nikampelekea Mama Magesa. Alikuwa peke yake, anachambua mchele. Kala polepole mpaka kwenye miiba. Kasema chumvi imepungua.

Imepungua kweli.