Friza ya Gereji na Kadi ya Klabu

Jumapili, 5 Novemba

Tumerudi sasa hivi kutoka klabuni, lile duka la jumla la wanachama. Karatasi za chooni roli thelathini na sita, mayonezi galoni nzima, na kuku wa kuokwa wa dola tano – huyo hana mpinzani! Mzee wa mlangoni akaipiga risiti mstari kwa kalamu yake, akasema leo tumejitahidi.

Verlyn, mume wangu, akapakia yote garini. Kisha: mke wangu, tuko wawili nyumbani, wewe unanunua kama unalisha kambi ya jeshi. Nikamwambia anayenunua kwa jumla ndiye anayeokoa pesa. Akacheka!

Kadi ya uanachama inaisha Jumatano ya tarehe 15, naye hataki tuilipie tena. Basi tumewekeana dau. Siku kumi bila kukanyaga duka, tule vya kwenye friza ya gereji tu. Vikiwa vizima vyote, tunalipia. Kikiwepo hata kimoja kilichoharibika, kadi kwaheri.

Masikini, hajui anacheza na nani.

Jumatano, 8 Novemba

Tumekula kamba jana, tumekula kamba leo. Nikitafuta njegere nikakuta mifuko mingine mitatu ya kamba. Mitatu! Kumbe kila nikienda nasahau kuwa ninao. Verlyn aliona. Alipiga mluzi tu. Afadhali angesema.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo tumefika chini ya friza. Nyama imeota barafu nyeupe, imekauka kama soli ya kiatu. Tumetupa mfuko mzima. Rahisi ni ghali, alisema mama yangu, nami sikusikia.

Na chini kabisa – masanduku manne ya vipande vya kuku vya umbo la dinosaria. Moja nimelinunua Agosti hii! Wajukuu walihamia Arizona na wazazi wao miaka miwili iliyopita. Nani ale dinosaria humu? Mkono unayatia kwenye toroli wenyewe. Niliona haya, halafu nikalia kidogo.

Verlyn akasema: hayo hayajaharibika. Akaoka sanduku zima. Tumekula na mayonezi, tukishindana kung'ata vichwa kwanza. Matamu, kusema kweli.

Jumatano, 15 Novemba

Asubuhi, kwenye kahawa, nikakiri. Umeshinda, mzee. Kwa watu wawili hakuna tunachookoa. Nilijihisi mwepesi, hata nikala mkate wa pili.

Saa kumi binti yetu Kari akapiga simu kutoka Arizona. Labda watakuja Sikukuu ya Shukrani wiki ijayo, wote watano. Labda! Inategemea ruhusa ya mumewe kazini. Nikasema sawa mwanangu, msijisumbue.

Nikamwambia Verlyn: ni labda tu, tusikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Akauliza, wale wajukuu mapacha bado wanakula dinosaria? Wana miaka tisa sasa, nitajuaje! Akafikiri. Akasema yamebaki masanduku matatu, hayatatosha.

Klabu inafungwa saa mbili na nusu usiku, na kadi inaisha leo. Yuko garini tayari, anapiga honi – Verlyn, ambaye hata mbwa wa jirani hampigii honi! Kadi kaichukua mkobani mwangu, anaipunga dirishani. Ina picha yangu, bila mimi hapiti mlangoni.

Na yote haya kwa labda!

Nakuja, baba, nakuja – sikioni kiatu cha pili