Koti Lako Nimeliona Mlimani

Ramadhani, mzee wa uongo,

Ule mlima wako nimeuona. Miaka yote ukiendesha watalii ulikuwa ukinitania: "Karamoja kuna mlima una upara kama wewe." Kweli ni upara. Jiwe tupu, miiba, na mto wa mchanga niliouvuka bila kulowesha kiatu. Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Nilipeleka sare za walinzi wa mbuga, nilizoshona mwenyewe. Wakanikalisha kwenye nyumba ya kupokelea wageni: ramani ukutani, mafuvu ya nyati, viti vingi, watu hakuna. Watalii siku hizi wanaogopa binadamu kuliko simba. Karani akanisogezea kitabu cha wageni. "Andika jina, muzee. Hata wewe ni mgeni."

Akainama, nikaona koti alilovaa.

Lile la kijivu, ulilonisumbua nalo mpaka nikalishona ili unyamaze. Ulilovaa siku ile pale Nateete, wale makachero wa serikali wenye miwani nyeusi walipokutia kwenye buti la gari. Nikajiambia, makoti ya kijivu ni mengi, acha uzee. Nikachomoa sindano kwenye ukosi wangu. "Vua, kijana, mfuko umelegea, nikushonee." Akavua. Mfuko wako wa ndani niliushona kwa uzi mwekundu, maana mweusi uliniishia na wewe uko mlangoni unapiga kelele. Nikaugeuza. Mwekundu.

Nikamuuliza kalipata wapi. "Kwa askari mmoja, Kampala. Alisema mwenyewe halihitaji tena."

Nikashona. Nikakata uzi kwa meno, Rama. Nikamrudishia, nikamwambia limemkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Kweli tupu. Wewe ulikuwa na tumbo.

Mwaka mzima Zainabu wako hakuwa mke wala mjane. Shehe alikataa kumkalisha eda. "Labda yuko hai," anasema, na macho anaangalia chini. Basi nimerudi nyumbani Kyebando, nimemwambia. Aliuliza tu, "Uzi gani?" Nikamjibu. Akavua bangili moja moja, akaziweka mezani, akaingia ndani. Tumekuswalia bila maiti, watu saba, mlango umefungwa, shehe ananong'ona kama tunaiba kuku.

Mimi sijalia. Nakula, nalala, nashona. Majirani wanasema huyu mzee ana roho ya jiwe. Wacha waseme.

Haya, rafiki yangu, pumzika popote walipokuweka. Miezi minne na siku kumi zikiisha, akitokea mwanamume wa kumwoa Zainabu, gauni nitashona mimi, na pilau nitakula sahani mbili, yangu na yako. Usinune. Lakini huyo bwana nakuahidi nitampima kwanza, na siyo kwa futi ya fundi.

Ni mimi, mwenye upara wako.