Mafuta ya Kondoo Ndani ya Bolti

River Road, Nairobi
12 Juni 1967

Shemeji Kivuva,

"Bunduki uliyonitengenezea inagoma alfajiri." Hayo ni maneno yako, nami nayakataa kabla hata sijakusalimu. Chuma hakijui saa. Kinachogoma ni risasi kuukuu za tangu Vita Kuu mnazogawiwa ninyi askari wa wanyamapori huko Karen, au ni kidole chako.

Sasa salamu. U mzima? Goti limepona? Sisi hatujambo. Dada yako Ndunge anauliza kama unakula, au unakunywa chai tu.

Itazame risasi iliyogoma, kile kiduara cha shaba kwenye kitako chake. Pini inayokigonga ikiwa imechimba shimo la kutosha, risasi ndiyo iliyooza. Shimo likiwa dogo, niandikie. Bolti, lile komeo linalobeba pini, niliijaza kwa mkono wangu mafuta ya kondoo, kama marehemu baba alivyopaka upinde wake, na kama nilivyofanya jeshini kule Wajir. Vumbi liliziua bunduki za wenzangu. Yangu ililia kila siku.

Mimi shemeji yako,
Musembi

Karen
20 Juni 1967

Shemeji Musembi,

Salamu nyingi kwako na kwa dada. Goti halijambo, ila baridi ya huku mwezi huu inaingia hadi kwenye meno.

Nimetazama. Shimo ni dogo, kama alama ya ukucha. Nimebadilisha risasi tatu, na zote ziligoma alfajiri. Saa sita mchana nikazirudisha zilezile, zikalia. Nzuki, mwenzangu wa doria, ananicheka: "Kivuva, hiyo bunduki yako haiamki mpaka inywe chai!" Lakini yeye ana panga tu, shemeji. Bunduki ni moja kwa watu wawili, na nyati wanatoka msituni hadi kwenye bustani za watu.

Naomba nije Jumamosi ya kwanza ya Julai uifungue tena.

Shemeji yako,
Kivuva

River Road
26 Juni 1967

Shemeji,

Natumaini baridi imekupungukia. Sisi tu wazima.

Jumamosi usije. Nitakaa kumjibu bwana mmoja aliyeandika gazetini kwamba fundi Mwafrika hawezi kazi ya kipimo. Wiki hiyohiyo unataka nifungue kazi yangu mara ya pili, nimpe ushahidi? Springi ya kusukuma pini ni mpya, niliifunga mwenyewe. Waambie wakubwa wako wakupe risasi za mwaka huu. Na wewe usimwogope nyati hata ukaisingizia bunduki.

Shemeji yako,
Musembi

Kinoo
3 Agosti 1967

Kwa Musembi,

Natumaini mu wazima.

Nzuki amekufa. Ni Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyati alitoka kwenye ua wa michongoma, hatua kumi na tano kutoka tulipokuwa. Nilivuta triga. Nikakoki, risasi ikadondoka; nikavuta tena, nikakoki tena. Kimya. Nzuki alikuwa ananiita jina.

Maofisa watatu waliijaribu bunduki saa saba mchana, jua kali. Ililia mara tano kwa tano. Risasi zangu mbili walizikuta chini, hazina alama yoyote. Wakasema: "Hukuvuta. Ulizitupa ukakimbia." Nimefukuzwa kazi. Munyiva, mjane wake, alinikataza nisishike koleo kaburini.

Msalimie dada.

Kivuva

River Road
9 Julai 1968

Shemeji, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Uko salama? Nauliza kwa kweli. Barua zangu nne hukuzijibu, na ulifanya vyema; katika zote nilijitetea.

Mwezi uliopita mkulima mmoja aliniletea bunduki niliyoihudumia wiki moja na yako. "Fundi, hii inalala asubuhi." Nikaiacha dirishani hadi kulipopambazuka, nikafungua bolti. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa. Pini ilitambaa kama mzee anayetafuta fimbo. Haikuacha alama kwenye risasi. Mchana yaliyeyuka, bunduki ikalia.

Wajir ni joto, shemeji. Karen si Wajir. Uliniandikia kwamba inagoma alfajiri na kulia mchana. Jibu lilikuwa mkononi mwangu, nami nikakuita mwoga.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu. Mimi niliyegombana na magazeti yote ya mji huu nilishindwa kumwambia mke wangu. Jana nilimwambia Ndunge. Akasema, "Mwandikie kaka yangu. Halafu waandikie waliomfukuza."

Nimewapelekea nakala, na maneno haya ya mwisho nimeyaelekeza kwao:

Ninyi maofisa watatu, bunduki ile ingali stoo kwenu na haijaguswa na fundi mwingine. Itoeni nje jioni, ilale kwenye umande. Kabla jua halijatoka, mwiteni Munyiva asimame karibu, mvute triga mbele yake, kisha mfungue bolti aone. Kivuva alivuta. Mwambieni hivyo kwa vinywa vyenu, na mimi nitakuwapo nijibu kwa mafuta yangu.

Shemeji yako,
Musembi