Ubao Kati ya Mashine Mbili

Kariakoo, 6 Februari 2024

Dada Scholastika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Mvua imeyakumbuka mahindi huko Masasi? Sisi tunadunda, ila joto la Bongo mwezi huu halina adabu.

Nakuandikia maana simu haina siri. Bryson yupo nami humu humu dukani, anasikia hata nikikohoa. Huyo mdogo wetu kanunua kompyuta mpya ya kuhariri video za harusi. Sasa wateja wananipita hadi kwake, na mimi niliyemfundisha kazi wananiuliza choo kiko wapi. Jana Mama Jasvanti, mteja wangu wa siku zote, kampa yeye harusi ya binti yake Tanvi. Alinisalimia huku anatazama feni za mashine ya Bryson.

Basi nimepiga ubao kati ya meza zetu, sakafuni hadi darini, nikaacha upenyo tu wa kupita. Nimechukua upande wa mlango, wateja waanzie kwangu. Yeye nimemwachia wa dirisha. Chumba kimekuwa kidogo, mashine yangu nimeisukuma mpaka mgongo umegusa ubao. Nimemwambia ni kwa ajili ya vumbi.

Mdogo wako,
Augustino

Masasi, 19 Februari 2024

Mdogo wangu,

Milele amina, na marahaba. Magoti yananitii jioni tu. Mahindi yako hai, Mungu ashukuriwe.

Vumbi gani hilo, Augustino, linalotokea kwa mdogo wako peke yake? Alipozaliwa ulilia siku nzima, ukataka nimrudishe kwa masista wa hospitali. Sasa una mvi na bado unataka arudishwe. Sali, kisha ongea naye.

Dada yako,
Scholastika

Kariakoo, 12 Machi 2024

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na poleni na msiba wa jirani. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inaumwa.

Nimepata harusi ya Akash, mtoto wa mzee Tulsidas, sherehe za siku tatu. Kuhariri nimemaliza. Kinachonishinda ni kurenda, yaani kuipika video yote iwe kitu kimoja. Hapo prosesa na kadi ya picha hufanya kazi kwa nguvu zote, joto linapanda hadi nyuzi mia, mashine inajizima yenyewe. Nimepuliza vumbi, nimebadilisha pesti ya kupozea, nimenunua feni nyingine kwa Paras, muuza vipuri. Wapi. Nimenyunyiza hata maji ya baraka. Si kwenye mashine, dada, mlangoni.

Na ng'ambo ya ubao namsikia Bryson anarenda huku anapiga mluzi. Kama si mambo ya watu, yaani kurogwa, ni nini? Tulsidas anasema wageni wake wanaondoka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, atampelekea Bryson. Afadhali kazi ipotee kabisa kuliko nimwone mzee yule akipita ubao.

Mdogo wako,
Augustino

Masasi, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Augustino,

Milele amina, marahaba. Leo salamu ni fupi.

Kompyuta siijui. Ila Bryson aliniandikia siku ile ile ulipopiga ubao. Hakukulaumu. Aliniuliza hivi: "Dada, nimwambieje kaka kwamba mashine inatolea joto mgongoni, na yeye kaibana kwenye ubao, bila yeye kuona namringia?" Mimi ndiye niliyemshauri anyamaze, nikidhani utajionea mwenyewe. Hapo nilikosea, nisamehe. Yeye usimsingizie tena mambo ya watu.

Dada yako,
Scholastika

Kariakoo, 28 Machi 2024

Dada Scholastika,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo, na heri ya Alhamisi Kuu.

Ubao nimeung'oa. Bryson alishika upande mmoja, mimi mwingine, na neno tulilosemeshana ni "angalia msumari" tu. Mashine nimeisogeza, sasa inapata upepo wa dirisha. Ilirenda hadi mwisho, joto halikupita themanini. Tulsidas kaondoka na harusi yake. Kabla ya kutoka alimpa Bryson mkono, akamwambia ana kaka fundi. Nimevumilia yote, hata kicheko chao.

Ila barua yako imeninyima raha. Kumbe Bryson anakuandikia. Tangu lini? Ulikuwa huniambii. Na ukimjibu, unamwandikia barua ndefu kuliko hizi zangu?

Mdogo wako wa kwanza,
Augustino