Chumba cha Kristina

Shelui, 7 Februari 1954

Kwa mume wangu mdogo Zefania,

Salamu nyingi kama uwele wa mwaka jana, maana wa mwaka huu ndege wameumaliza. Hujambo? Raheli mkeo hajambo? Mtoto anatembea au bado anaburuza makalio? Mimi sijambo, ni magoti tu yanapiga kelele nikiinuka. Naandika mwenyewe, kwa herufi zile zile nilizofundishwa misheni kabla ya kubatizwa, kwa hiyo usicheke. Nikimpa mwalimu Samweli aniandikie, kabla wino haujakauka Shelui nzima itajua tumekula nini.

Sasa sikiliza. Mama yako Kristina ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Alinificha. Binti yangu wa kumzaa, tunalala chumba kimoja tangu baba yako afe, akanificha mwaka mzima! Nimemwona anaoga. Nikamuuliza, "Hiki nini?" Akasema, "Jipu, mama." Jipu gani halina mdomo? Nikamkokota mpaka hospitali ya misheni, siku moja na nusu kwa miguu. Daktari kasema akakatwe Dar es Salaam, hospitali kubwa, na iwe mapema kabla uvimbe haujapasuka. Watamlaza siku chache za kukatwa, kisha awe anarudi kila juma kuangaliwa, miezi mitatu.

Kwa hiyo mtafutie mahali pa kulala. Najua una chumba kimoja. Ningekuwa mimi ningelala katikati yenu, Raheli nimwite mke mwenzangu, tukacheka mpaka majirani wagonge ukuta. Bibi na mjukuu hawana mwiko. Lakini mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe, hata kitanda chenu hapaswi kukiona. Hilo halina mjadala. Tafuta chumba cha pili, kidogo tu, chenye mlango wake. Upesi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


Dar es Salaam, 2 Machi 1954

Kwa mke wangu mwenye meno manne,

Shikamoo bibi. Shikamoo nyingine umfikishie mama. Sisi hatujambo, mtoto anatembea, na tangu aanze kutembea tumebaki na kikombe kimoja. Barua yako ilinikuta kazini, kwenye stoo ya mizigo ya reli. Niliisomea nyuma ya magunia ili watu wasinione uso.

Nilianza kutafuta siku ile ile. Bibi, mji huu umejaa. Nyumba za huku zina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko na choo cha wote. Kila chumba kina familia nzima. Mtu akihama, kabla hajatoa kitanda chake mwingine ameshaingiza cha kwake. Na kabla ya kodi mwenye nyumba anataka fedha ya kuingilia, wenyewe huiita kilemba. Nimeandikisha jina langu kwenye nyumba za serikali, karani akaniambia nisubiri. Hakusema mpaka lini. Kila nikitoka kazini nazunguka Kariakoo na Ilala, mlango kwa mlango, napiga hodi kama mwuza maandazi.

Mwambie mama asiogope. Nitapata.

Mumeo,
Zefania


Shelui, 25 Machi 1954

Kwa Zefania, mume mvivu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa yule tunayemzungumzia. Barua yako nimemsomea. Unajua mama yako hakuona darasa, babu yako alimwachia ng'ombe wa kuchunga, basi kila neno lako linapita mdomoni mwangu kwanza. Pale pa kikombe amecheka.

Mimi sikucheka. Nilikuuliza habari za choo? Nimekuuliza chumba. Hapa kwetu mtu akitaka nyumba anakata miti, majirani wanakuja na udongo, juma halijaisha ameingia. Wewe mji mzima unakushinda! Huyo karani umemwambia ni mama yako au ulisimama mbele yake unashika kofia tu? Nakujua. Tangu mdogo ulikuwa ukitumwa chumvi unarudi na salamu.

Uvimbe sasa ni kama yai la kuku. Anasonga ugali kwa mkono mmoja. Mzigo wake ameshaufunga, kaniki mbili, blanketi, na karanga za mjukuu wake, ameuweka mlangoni. Kila asubuhi anausogeza ili nifagie, kisha anaurudisha.

Kaza miguu.

Mkeo,
Bibi


Dar es Salaam, 9 Mei 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo mama. Hatujambo, Raheli alikuwa na homa ikapita.

Nilipata chumba Ilala, kwa Mzee Tamimu. Tulikubaliana, nikamhesabia fedha mkononi. Akauliza nani atalala. Nikasema mama yangu, anakuja kutibiwa. "Anaumwa nini?" Nikamwambia. Akazirudisha fedha zote. "Mwanangu, mgonjwa akinifia humu, nitampangisha nani tena? Nani atakubali kulala?" Chumba cha pili sikusema kitu, lakini mpangaji mmoja wa pale tunafanya naye kazi, akamnong'oneza mwenye nyumba. Ikawa vile vile.

Sasa kuna neno jingine. Mwenye nyumba tunayopanga sisi ni Bi Mwantum, mjane, mtu wa Bagamoyo. Analala peke yake chumba cha mbele. Alitusikia mimi na Raheli tukizungumza. Jana ameniita uani, anapepeta mchele.

"Zefania, huyo mama yako anatukana watu?"

"Hapana, bibi."

"Anakoroma?"

"Sijui, bibi."

"Mimi nakoroma. Basi tutashindana. Mlete alale na mimi, kitanda changu kipana, marehemu alikuwa mnene. Na sitaki hata senti. Ukinitajia fedha nitakufukuza wewe."

Bibi, anasema kweli, si maneno ya mdomo. Kutoka hapa hadi hospitali ni karibu. Nijibuni upesi nitume nauli.

Mumeo,
Zefania


Shelui, 30 Mei 1954

Kwa Zefania,

Marahaba. Hatujambo.

Habari ya kitanda cha huyo mwanamke tumeisikia. Mama yako amekataa. Anasema hajapata kulala kitanda cha mtu asiyemjua ukoo wake. Anasema amezaa mwana mwenye kazi ya reli, hawezi kwenda mjini kuokotwa kama kuku aliyepotea. Anayekupa kitanda bure leo, kesho atakupa ufagio, keshokutwa atakusema kisimani. Amekataa, na neno hilo usilirudie tena, litamuudhi.

Tafuta chumba. Chumba nilichokuambia, chenye mlango.

Bibi


Dar es Salaam, 12 Septemba 1954

Kwa mke wangu, na kwa mama yangu mpenzi,

Shikamooni! Nimepata!

Mtanisamehe kwa ukimya. Niliona aibu kununua stempu ili niandike "bado". Miezi yote hii nikitoka stoo naenda kubeba magunia kwa Mhindi mmoja hadi jua lizame, nikusanye kilemba. Chumba kiko mtaa huu huu wetu, nyumba ya nne, kwa Mselemu fundi viatu. Nilimweleza ukweli wote. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama anakuja na kuku, maana jirani ana mbwa. Nikasema hana kuku. Akanipa ufunguo.

Ni kidogo. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Lakini kina dirisha upande wa asubuhi na mlango unaofungwa. Raheli amekipaka chokaa. Nimenunua kitanda cha kamba, na msumari mkubwa wa kutundika nguo nimeupigilia chini, ili mama asinyanyue mkono.

Hawala ya posta imo humu. Apande lori mpaka Singida, kisha Manyoni achukue treni. Mtu wa kumsindikiza asikose. Nitakuwa stesheni kila treni ikiingia, hata msipoandika.

Mama, ulipokataa kitanda cha Bi Mwantum nilishangaa, ndiyo bibi, uniache niseme. Bi Mwantum mwenyewe alinuna siku mbili. Lakini yamepita. Njoo ulale kwako.

Mwanao na mumeo,
Zefania


Shelui, 4 Oktoba 1954

Zefania mjukuu wangu,

Barua yako imefika Jumanne. Mama yako tulimzika Jumamosi iliyotangulia. Kaburi liko karibu na la baba yako, upande wa chini, huku juu pana mwamba.

Nakaa kukuandikia sasa hivi kabla moyo wangu haujapata ujanja.

Mama yako hakukataa kitanda. Sikumsomea. Nilipofika pale pa huyo mwanamke niliruka, nikasoma jina lako tu mwishoni, nikakunja karatasi. Nilijiambia, mimi nimezika mume, nikalea wana na wajukuu bila kuomba hata chumvi kwa jirani, leo binti yangu akalazwe na mgeni kama yatima? Niliona aibu yangu, titi lake sikuliona. Nikakuandikia kwamba amekataa. Maneno yote yale ya ukoo na ya kuku ni yangu. Yeye hakuulizwa.

Mwezi wa nane uvimbe ulipasuka. Kwenye lori asingeweza kukaa tena. Akawa anataka barua zako asomewe upya, zote, tangu ya kwanza. Nikawa natafuta kazi ya kufanya, leo kuni, kesho maji. Siku moja nimekwenda kisimani, akamwita Luciana, binti wa mwalimu Samweli. Ile barua ningekuwa nimeichoma. Lakini karatasi uliyoishika wewe naichomaje?

Narudi na ndoo kichwani nasikia Luciana anasoma, "Mimi nakoroma. Basi tutashindana." Na mama yako anacheka. Alikuwa hajacheka mwezi mzima. Luciana akaendelea mpaka pale pa nauli, akamaliza, akaniona, akaaga.

Nilisimama na ndoo, sikuitua. Mama yako hakunitukana. Angenitukana, ningejua la kumjibu. Aliniuliza, "Mama, huyo mwanamke tulimshukuru?" Nikasema bado. Akasema, "Umwandikie." Basi. Siku tisa zilizobaki tulizungumza habari ya uji na maji tu.

Hawala yako narudisha.

Bibi


Dar es Salaam, 14 Novemba 1954

Bibi,

Barua nimepata. Hawala nimepata.

Nilitaka kunyamaza. Raheli amesema si vizuri.

Tangu mwezi wa sita nilikuwa nikimkasirikia mama. Kila gunia nililobeba nilisema moyoni, fahari gani hii ya mgonjwa, anataka nife mimi ndipo aridhike? Nilisema hivyo mpaka Jumamosi ile, na Jumapili yake pia, maana sikujua. Ulimnyima kitanda, na mimi ukaninyima mama yangu akiwa bado hai. Treni tisa nimezipokea stesheni. Ya sita alishuka mtu mwenye mwendo kama wake, nikamkimbilia.

Chumba bado ninacho. Mselemu ananiuliza mgeni anakuja lini.

Zefania, mwana wa Kristina


Shelui, 2 Januari 1955

Zefania,

Marahaba. Hukuniamkia. Niliigeuza karatasi nikatafuta hata nyuma yake. Nimeitikia hivyo hivyo, kinywa changu hakina adabu nyingine.

Uliyosema ni kweli na sina neno la kuyapunguza. Sikuandikii ili unionee huruma. Watu hapa wanakuja kunipa pole, wanasema mama mzaa chema, mimi nawaacha waseme. Mwalimu Samweli naye alisema hivyo hivyo, na Luciana binti yake amekaa pale pale, akaangalia chini. Nami nikaipokea pole yake. Ndivyo nilivyo.

Chumba umrudishie mwenyewe. Usikae unalipia ukuta. Mwambie Mselemu mgeni hakuja, basi, hana haja ya zaidi. Kitanda mpe mtoto, atakua.

Kazi moja imenibakia. Nimejaribu kumwandikia Bi Mwantum mara tatu, na mara tatu nimechana, maana kila nikianza najikuta najitetea. Kwa hiyo wewe msomee haya, na Raheli akiwepo, usiruke hata neno:

Bi Mwantum, Kristina wa Shelui amesema ahsante kwa kitanda. Habari aliipata mwishoni, ikamchekesha. Angekuja. Aliyekataa ni mimi.

Ukimaliza kumsomea, akisema lolote, hata likiwa baya, niandikie lilivyo. Usipoandika, hilo nalo nitajua ni jibu.

Mama yake Kristina