Nimemwoza Sijaona

Jumatano, 1 Novemba 1967

Leo Wakristo wana sikukuu ya watakatifu wao, soko limelala. Dada Waridi amenikuta nyumbani. Hakutaka hata chai. Alikaa, akavuta mtandio wake, akasema: wale wa Rumonge wametuma neno.

Nilijua siku hii itafika. Marehemu baba alikubaliana na mzee wao tangu binti yangu Sijaona hajaanza kutembea — binti wa Hamimu ataolewa kule. Mtu mwenyewe ni Massoudi. Miaka thelathini na kitu, anauza mawese, anaswali, hanywi. Sina baya la kumsema.

Nikasema mtoto ana kumi na nne tu, yuko klasi ya sita. Dada akacheka kidogo. "Mi nilikuwa na kumi na tatu. Mama yetu vilevile. Tulikufa?" Halafu akasema lile lililonimaliza: "Mutoto hana mama, Hamimu. We unatoka asubuhi kwenda kushona, unarudi magaribi. Huku mutaani Bwiza kila mulango wa pili ni baa. Jambo likimupata, utalia na nani?"

Kweli. Ningelia na nani? Nimekubali.

Mama yake amekufa mwaka wa tatu sasa. Tangu hapo sina wa kumweleza kitu. Basi naandika hapa, nyuma ya daftari la vipimo.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimemwambia Sijaona. Alikuwa anachambua maharagi. Hakulia. Aliendelea kuchambua, halafu akauliza: "Na we atakupikia nani?"

Nikasema nitajipikia.

"We hujui hata kuwasha mbabula ya makaa."

Nilitoka nje, nikajifanya nahesabu makaa ya moto wa kesho. Makaa!

Alhamisi, 9 Novemba

Mwalimu wake, Spès, amenifuata mpaka barazani ninaposhonea. Msichana mdogo, Mkristo, mpole. Ameleta daftari la hesabu la Sijaona ili nione. Anasema nimwache asome mpaka mtihani wa Juni tu. Juni tu, mzee, miezi ni michache.

Wateja walikuwa wanasikiliza. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia siye aliyemzaa. Aliinamisha kichwa, akaniachia daftari juu ya meza ya mashini, akaenda.

Hesabu zote ni sahihi. Kurasa zote. Mimi sijui hata zinahesabu nini.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimempima Sijaona nguo ya harusi. Nimewashonea mabibi harusi wengi wa Bwiza na Buyenzi, wengine sasa nawashonea mabinti zao. Sijawahi kurudia kipimo.

Urefu nimepima mara mbili. Tangu gauni la Idi iliyopita ameongezeka vidole vitatu. Kwa hiyo nimeacha pindo kubwa chini, la kufumua baadaye. Waridi ameliona, akasema bibi harusi hashonewi hivyo.

Nikamwambia bado anarefuka.

Akaniokotea pini, nikaendelea.

Ijumaa, 24 Novemba

Imekwisha. Baada ya sala ya Ijumaa, hapa hapa nyumbani.

Mi ndiye walii, mwenye kumwoza. Shehe akaniambia nikamuulize mwenyewe. Nikaingia chumbani. Wamemfunika, wanawake wamemzunguka, ubani unawasha macho. Nikasema, mwanangu, unaniruhusu nikuoze kwa Massoudi? Kimya. Nikarudia. Kimya. Waridi akasema kwa sauti: "Amenyamaza, amekubali!" Vigelegele mpaka barabarani.

Lakini mimi namjua yule mtoto. Akikubali kitu hanyamazi — husema eeh baba, kabla hata sijamaliza kusema. Alinyamaza hivi mara moja tu, siku tulipomzika mama yake.

Nikarudi kwa wanaume. Nikasema ameridhia. Nimesema hivyo mbele ya mashahidi, na mbele ya Mungu.

Jumamosi, 25 Novemba

Kamioneti imeondoka saa mbili asubuhi. Alikaa mbele, kati ya dereva na bwana wake. Hakugeuka. Au aligeuka, na mi nilikuwa naangalia chini.

Jumanne, 28 Novemba

Nimesonga bugali, imeungua.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimeita "Sijaona!" nikiingia mlangoni. Mazoea. Jirani amesikia.

Jumapili, 3 Desemba

Mfungo umeanza. Mwaka jana, saa ya kufuturu, alikuwa anasimama mlangoni kusikiliza adhana, halafu anakimbia ndani — "Bado, baba! Bado! ... Sasa!" Leo nimekaa na kikombe cha uji, sikujua hata kama adhana imelia. Futari ya mtu mmoja haina ladha. Haina hata sauti.

Jirani Marguerite amegonga na sahani ya muhogo na samaki ndagala. Ni mjane, Mkristo, alikimbia vita kule Bukavu, mumewe hakutoka. "Baba Sijaona," amesema, "siyo vizuri mutu kufungua saumu na ukuta." Nikamshukuru. Akasimama, akatazama ule mkeka mtupu wa Sijaona, akasema tena: "Mi wangu alichukuliwa na vita. We wako umemutoa mwenyewe."

Akaona amesema kubwa. Akaomba msamaha, akaenda.

Sikula ile sahani. Nimeirudisha usiku huu huu nikisema nimeshiba. Uongo, na katika mwezi mtukufu.

Ijumaa, 15 Desemba

Atumani, dereva wa lori la mawese, amepita barazani. Anasema salamu nyingi kutoka Rumonge, mtoto hajambo. Nikamshika, aseme vizuri: umemwona kwa macho? Eeh, amemwona. Alikuwa wapi? Atumani akacheka. "Alikuwa anaruka kamba na watoto wa jirani, Mzee Hamimu. Amefunga kitenge cha mutu muzima, anaruka! Mpaka mama mukwe alipotoka na mwiko."

Wateja wakacheka pia. Na mi nikacheka. Nilishona mkono wa shati kinyume, nikafumua jioni.

Alhamisi, 4 Januari 1968

Nimetoka Rumonge. Idi ilikuwa juzi, nikasema siwezi kula Idi peke yangu, wacha nikamwamkie mwanangu.

Wamenipokea vizuri. Wamechinja kuku. Massoudi ameninyenyekea, "shikamoo baba", ameniletea maji ya kunawa mwenyewe. Laiti ningemkuta mbaya! Ningejua la kufanya.

Sijaona aliingia na sinia, macho chini. Akapiga goti. Akauliza kama nahitaji chumvi. Chumvi! Yule aliyekuwa ananiambia sijui kuwasha mbabula. Nikamwambia kaa, tuzungumze. Akamtazama mama mkwe kwanza. Mama mkwe akasema akaangalie chungu.

Yule mama amelalamika kidogo, kwa adabu. Eti Sijaona anasahau chungu motoni. Anacheza. Akiitwa usiku anajifanya mgonjwa. "Hamukumufundisha," amesema. Nimeomba radhi. Mimi nimeomba radhi!

Wakati wa kuondoka Sijaona aliruhusiwa kunisindikiza mpaka kwenye gari.  Alishika koti langu kwa nyuma, kama alivyokuwa anafanya sokoni alipokuwa mdogo, asipotee. Dereva akapiga honi. Watu wanatazama. Nikasema, "Huku ndiko kwako sasa, mama." Hakuachia.

Nilivitoa vidole vyake. Kimoja kimoja. Hakuna aliyenisaidia.

Jumamosi, 13 Januari

Sina la kuandika. Nashona, naswali, nalala. Nimejifunza kuwasha mbabula, na hakuna wa kumwonyesha.

Jumatatu, 22 Januari

Nimerudi kutoka barazani, mlango uko wazi. Nikafikiri mwizi.

Amelala kwenye mkeka wake. Nguo imejaa mafuta ya mawese. Alipanda lori la Atumani, juu ya mapipa, alimdanganya kwamba baba anaumwa sana. Nimekaa pembeni, nimemtazama mpaka alipoamka mwenyewe.

Nikauliza, amekupiga? Apana. Mama mkwe? Apana. Wanakunyima chakula? Apana, baba.

Sasa nini?

Alikunja ukingo wa mkeka. "Jua likianza kushuka," akasema, "tumbo linaniuma. Kila siku. Asubuhi linapona."

Mi ni mwanaume, nimeoa, nimeelewa. Nilisimama, nikafunga mlango. Nilimtoa hapa ili jambo lisimpate.

Jumanne, 23 Januari

Dada Waridi amekuja mapema, habari zimemfikia. Amesema arudishwe leo, kabla mji haujaamka. Jina la baba yetu, neno la wazee, aibu, yote amesema. Kisha: "Mi nilitoroka pia. Nikarudishwa. Nikakaa. Nina watoto sita."

Nakumbuka! Nilikuwa na miaka tisa. Alitoroka kutoka kwa bwana wake Uvira. Baba alimrudisha siku ileile, siku nzima kwa miguu, na mimi nikatumwa kubeba kikapu chake. Nilitembea mbele nikiimba. Nilifikiri tunakwenda kutembea tu.

Nikamuuliza: "Dada, siku ile ulitaka baba afanye nini?"

Hajawahi kuulizwa, nimeona. Alitazama mikono yake. 

"Nilitaka aniulize kama nimekula," akasema.

Akajifuta uso kwa mtandio. Akainuka. Mlangoni akageuka, akasema vilevile: "Lakini murudishe, Hamimu. Usitutie aibu." Sauti haikuwa ile ya kwanza.

Nimeingia ndani, nimemuuliza Sijaona kama amekula. Alikuwa hajala tangu juzi. Nimewasha mbabula. Amekula bugali yangu mbaya, yote, hakusema neno juu yake.

Jumatano, 24 Januari

Sikwenda kushona. Nimekwenda kwa shehe asubuhi. Anasema mke ana mumewe, anasema pia mambo yana milango, tukae wazee tuzungumze. Nikamwambia: shehe, siku ile nilisema ameridhia. Hakuridhia. Nilijua. Aliniangalia sana. Akasema hilo ni neno zito, utalisema mbele ya watu? Nilichukua kofia, nikaja nyumbani.

Saa kumi. Wamefika kutoka Rumonge. Massoudi na baba yake mdogo. Wameshukia kwa Dada Waridi, nyumba ya tatu kutoka hapa, wanapewa maji. Wametuma mtu: wanakuja kumchukua mke wao, hawataki ugomvi.

Naandika kwa haraka. Sijui kwa nini naandika.

Sijaona ameoga. Amechana nywele, amefunga kitenge chake, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa viatu, kamba amezifunga vizuri. Sikumwambia ajitayarishe. Hakuna aliyemwambia. Amesikia tu kwamba wamefika, akajitayarisha. Hivyo ndivyo mwanangu anavyonijua.

Nimemwambia avue viatu.

Ananitazama. Hajaelewa. Nimerudia: vua viatu, mama, uko kwenu.

Nje nasikia mzee anakohoa. Na sauti ya Waridi — analia au anasema na mtu? Hodi ya kwanza. Sijaona ameinama, fundo la kwanza limefunguka. Hodi ya pili. Naja, nimesema, subirini, naja — bado kiatu kimoja